Upande B wa Kanda ya Wagonjwa

Katubuka,
Kigoma.
Jumamosi, 19 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Yunisi,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote naomba kujua goti lako la kushoto linaendeleaje, maana mara ya mwisho ulimwambia baba kwamba ngazi za kanisani zinakushinda na unasali ukiwa umekaa benchi la nyuma kama mgeni. Baba Winfrida naye presha imeshuka? Dada Winfrida amejifungua salama? Nasikia mikorosho huko Mtwara inachanua miezi hii na harufu yake inaingia mpaka vyumbani. Sijui kama ni kweli au ni baba anatia chumvi.

Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo, anasema ni vumbi la barabara inayotengenezwa, mama anasema ni sigara. Mama ameondoka alfajiri kwenda Kibirizi kuanika dagaa na hatarudi kabla ya jioni, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Mimi niko kidato cha nne, mtihani ni Novemba, na nasoma. Usiwe na wasiwasi na masomo. Wasiwasi uuweke kwenye mambo yanayofuata.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua ya karatasi kama mtu wa zamani. Shangazi, unajua nikipewa simu niongee na wewe nasema shikamoo, nasema mzima, halafu namrudishia baba. Sio kwamba sina la kusema. Shuleni wanatufundisha kwa Kiingereza, nyumbani na sokoni ni Kiswahili, na mimi nimegundua kwamba naweza kunyamaza vizuri kwa lugha zote mbili. Kwenye karatasi tu ndiko mdomo unafunguka.

Ndani ya kifurushi hiki mna kaseti moja, nimeifunga kwa kipande cha kanga. Nakuomba usiiguse mpaka umalize kusoma.

Ni hivi. Ule mchezo wa kuimba wa Mwalimu Yona, Bibi Arusi wa Kagunga, haujafa. Nakwambia kwa sababu ninyi wakubwa mkiutaja mnacheka kama mnataja surua mliyougua utotoni. Saa nne nzima jukwaani: bibi arusi analetwa kwa mtumbwi kutoka Kagunga mpaka ufuoni Ujiji, bwana arusi haonekani, naye anakaa mchangani siku tatu anaimba, wavuvi wanabishana wampokee au wamrudishe kwao, mwisho anachukua kasia anaondoka mwenyewe. Baba alikuwa mlangoni siku ile ya maonyesho. Anasema watu walitoka mmoja mmoja, wengine swala, wengine njaa, mpaka wakabaki arobaini na mmoja. Leo hii, Shangazi, hao arobaini na mmoja wamekuwa mia nne. Kila mzee wa Ujiji mwenye meno mawili alikuwepo, na alikaa mpaka mwisho, na alilia.

Walioupenda waliupenda kama wendawazimu, na wamewaambukiza watoto wao. Kuna kundi la WhatsApp linaitwa Wanaarusi, watu sitini na watatu. Na mimi nimo, najiita Mtoto wa Ufuo, picha yangu ni samaki, mgebuka wa kuchoma, na hakuna anayejua huyo ni nani. Kazi ya kundi ni kukusanya rekodi za mchezo. Kuna kanda ya 1992 yenye kava jekundu. Kuna kanda ya 1999 iliyorekodiwa kambini na wakimbizi wa Kirundi. Kuna CD ya 2004. Halafu kuna takataka: wimbo mmoja wa harusini, kipande cha redio, mtu anaimba bafuni anasema ni mazoezi ya mwaka 1991.

Hiyo CD ya 2004 ni aibu ya mkoa mzima. Waliweka kinanda cha umeme chenye ngoma za mle mle ndani, na bibi arusi anaimba kama mpiga debe wa stendi. Gasper, ambaye ndiye msimamizi wa kundi na ana duka la vifaa vya simu pale Mwanga, anamiliki nakala kumi na nne za CD hiyo. Kumi na nne, za kitu ambacho hakikustahili hata moja.

Nikueleze Gasper, maana ukimjua yeye umewajua wote. Anashika kaseti kwa glovu za zahanati, na kwa mkono uleule wenye glovu anajikuna shingo. Zimepangwa kabatini kwa rangi. Hazichezi, anasema kuzicheza kunazichosha. Anajua kanda ipi ina skrubu tano na ipi ina nne, anajua karatasi ya kava ilikatwa kwa mkasi au kwa wembe, lakini muulize bibi arusi anaimba nini akiona kasia, atakwambia hilo ni swali zuri. Watu wanampenda. Ametengeneza fulana, nyuma zimeandikwa 29 AGOSTI 1992, siku ambayo rekodi ya kwanza ilifanyika kwenye ukumbi wa parokia, kama ilivyopigwa chapa kwenye kava jekundu. Wanaitaja tarehe hiyo kama wengine wanavyotaja Krismasi.

Kanda moja tu siidharau, ya kambini. Bibi arusi pale ni Révérienne, dada yake Harerimana, yule fundi redio wa Ujiji ambaye kibanda chake kiko karibu na soko. Unasikia kuku, unasikia mtoto anaitwa akaoge, na katikati ya hayo Révérienne anaimba nusu Kiswahili nusu Kirundi, na anaimba kama mtu ambaye kweli alishushwa ufuoni na hakuna aliyempokea. Gasper anaiita toleo la kando. Ameiweka rafu ya chini kabisa, pamoja na chaja mbovu.

Sasa dhambi yangu.

Mwezi wa tatu Harerimana alikuwa anasafisha kibanda, akanipa katoni ya kaseti zisizo na kava, akasema nichague ninazotaka kabla hajazitupa kwenye kopo la taka. Kwenye moja palikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi, B. Arusi, basi. Nikaicheza kwake palepale, dakika kama tano za upande A. Shangazi, kwenye kanda ya kava jekundu wavuvi ni wavuvi kweli. Mwalimu Yona alikataa kabisa kuweka watu wa kuigiza, akachukua wanaume wa Kibirizi na Katonga kumi na sita, na wakiingia na besi yao meza inatetemeka. Kwenye hii ya katoni, wavuvi waliimba kama watu waliolazwa. Sauti nyembamba, nyingine za kitoto, nyingine za kizee, na mmoja anapiga chafya katikati ya ubishi wa mahari. Nikacheka peke yangu mpaka Harerimana akaniuliza kama niko sawa.

Nikaandika kwenye kundi kwamba nimeokota kanda iliyorekodiwa wodi ya wanaume. Shangazi, walicheka. Vile vikatuni vya kulia kwa kicheko vilishuka kama mvua ya masika. Gasper mwenyewe akajibu: "Hiyo ni Kanda ya Wagonjwa, Mtoto wa Ufuo, itupe ziwani wapate nafuu." Jina likashika. Wiki nzima walikuwa wananiuliza wagonjwa wanaendeleaje, na mimi nawajibu, naongeza dawa, naongeza sindano. Sijawahi kumchekesha mtu maishani. Nililala na simu kifuani. Nakwambia hili ili ujue sikudanganywa na mtu. Nilifurahi.

Lakini hilo sio baya zaidi.

Mimi huwa naimba. Hakuna anayejua, hata mama. Kwenye kwaya ya vijana nafungua mdomo bila kutoa sauti, mwalimu wa kwaya anadhani mimi ni sauti ya pili. Nyumbani nikibaki peke yangu ndiyo naimba, na ninachoimba ni zile nyimbo tatu za ufuoni, za bibi arusi, zinazofungua upande B. Mwezi wa tano nikatamani kujisikia. Simu sikuitaka, ya kwangu inajituma yenyewe, nikaogopa wimbo usije ukaangukia kwenye kundi la darasa. Nikaazima kwa Harerimana redio ya kaseti inayorekodi. Nikahitaji kanda isiyo na thamani.

Unajua nilichagua ipi.

Vile vijino vya mgongoni mwa kaseti vilikuwa vimevunjwa, pande zote mbili. Harerimana alishanifundisha maana yake: aliyevivunja alitaka kanda ile isifutwe kamwe. Alinifundisha pia namna ya kumshinda, unabandika selotepu juu ya tundu. Nikabandika. Hata sikuusikiliza upande B kwanza, nikajiambia kama A ni wagonjwa, B watakuwa maiti. Nikaziba dirisha kwa kanga za mama, nikabonyeza, nikaimba zote tatu kwa mfululizo, dakika kumi na tisa.

Niliporudisha nikajisikiliza, nilijidharau hata kuliko ninavyomdharau Gasper, nikaitupa kanda ndani ya sanduku la vitabu. Redio nikamrudishia mwenyewe. Nilidhani yameisha.

Jumapili ya mwisho ya Juni, mama alikuwa amekaa uani anachambua dagaa, anatoa vijiwe na konokono, na mimi nikamsogezea redio, ile ya baba ya kusikilizia taarifa ya habari, nikamchezea kopi ya kava jekundu apate kuchangamka. Mabesi yakaingia. Mama akatingisha kichwa, akauliza hii walirekodi lini. Nikamwambia kwa maringo kabisa, tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa nane, tisini na mbili, Jumamosi alasiri. Hakunyanyua hata macho.

"Haiwezekani. Lilikuwa giza."

Nikamwambia ni alasiri mama, sio usiku. Akanitazama kama ananitazama mtoto wa Dodoma. Akasema anaikumbuka Jumamosi ile kwa sababu kesho yake alikwenda Kibirizi kununua dagaa wa kukukaangia wewe, Shangazi, wa kubeba safarini, na dagaa walikuwa tele mpaka watu wanamwaga. Lilikuwa giza, mwezi haupo, na kwenye giza hakuna mwanaume wa Kibirizi anayepoteza alasiri akiimba. Usiku kucha wako majini na taa, asubuhi wanashusha, mchana wamelala au wanashona nyavu. Mambo yote ya nchi kavu, harusi, mpira, mazoezi ya Mwalimu Yona, yanangoja mbalamwezi, nyavu zikipumzika. Akasema, mabesi kumi na sita ndani ya giza utayatoa wapi, labda uyavue.

Nikaangalia kwenye simu. Mwezi mchanga ulikuwa tarehe ishirini na nane. Shangazi, watu sitini na watatu, wote tumezaliwa tukinuka dagaa, wengine baba zao ndio hao mabesi, na tumevaa tarehe ya giza mgongoni miaka na miaka, hakuna aliyejiuliza. Gasper amehesabu skrubu. Mwezi hajauangalia. Na mimi nilivyo mwerevu wa kuwacheka, mama yangu ananuka chumvi na samaki kila siku ya Mungu na sikujiuliza pia.

Halafu nikakumbuka zile sauti nyembamba.

Nikaenda kwenye sanduku, nikaitoa Kanda ya Wagonjwa, nikaiweka upande A, na kwa mara ya kwanza nikaisikiliza mpaka mwisho. Mama anachambua. Wagonjwa wanaimba, watoto wa shule na wazee wa parokia waliokusanywa kuziba pengo la wavuvi, na sasa nikawasikia wanavyojitahidi. Mwisho kabisa wa upande, wimbo umekwisha lakini mashine bado inazunguka, Mwalimu Yona anasema kwa sauti ya karibu:

"Yunisi, rudi nyuma hatua mbili. Unawameza wenzako."

Na mtu anacheka kidogo. Mama mikono ikasimama ndani ya ungo. Akasema, "Huyo ni wifi yangu anayecheka."

Wewe ulituambia sote kwamba ulishika mapazia.

Mama alinieleza, na usimkasirikie, nilimbana. Alisema wewe ndiye uliyekuwa bibi arusi tangu mazoezi ya kwanza. Kwamba mlirekodi ile Jumamosi ya giza kwa sababu aliyekuja na mashine ya kurekodi alikuwa anaondoka Jumatatu. Kwamba mahari yako ilikuwa imepokelewa mwezi huohuo, na marehemu babu aliposikia utasimama mbele ya watu, mbele ya wakwe, ukiwa bibi arusi aliyeachwa ufuoni na bwana wake, alisema hilo ni kujiitia mkosi, binti aliyelipiwa haigizi kuachwa. Akakuharakisha kwenye treni na Baba Winfrida kabla ya mbalamwezi. Maonyesho yakafanywa wiki mbili baadaye, Mama Diana akiwa bibi arusi mahali pako, na mashine ilipopita tena Kigoma wakarekodi upya, mabesi yote yakiwepo, wakaiuza ndani ya makava yaleyale yaliyokwisha kupigwa chapa, na tarehe ileile. Na babu akapiga marufuku nyumbani mtu kulitaja. Ndipo yalipozaliwa mapazia.

Kwa hiyo ya kwanza ni hii. Ya wagonjwa. Nakala nyingine sijaisikia popote, na nimetafuta. Nyimbo zako tatu zilikuwa upande B, na juu yake niko mimi.

Nilikaa siku mbili sili. Mama alidhani malaria, nikapimwa, sina.

Jumamosi iliyopita kundi lilikutana nyuma ya duka la Gasper, na mimi nikaenda, nikajifanya nimetumwa na baba. Wanaandaa tarehe 29 Agosti, wamekodi ukumbi hapa Katubuka. Watasikiliza kava jekundu kama rekodi ya kwanza, na watampa Mama Diana ngao ya kioo iliyoandikwa Bibi Arusi wa Kwanza. Alikuwepo mwenyewe, muuguzi mstaafu, mnene, amesukwa vizuri, anakunywa chai kwa kikombe ambacho Gasper hakumruhusu mtu mwingine kukitumia. Wakamwomba asimulie siku ya kurekodi. Akasimulia. Joto lilivyokuwa kali, wavuvi walivyokuwa wengi mpaka wengine wakaimbia dirishani. Gasper akaandika kila neno, na wale wazee wa meno mawili wakaitikia kwamba ndiyo, ndiyo, dirishani, nakumbuka. Sijawahi kuona watu wazima wakidanganywa kwa hiari kiasi kile.

Kanda ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Shangazi, nilikuwa nayo pajani.

Gasper akauliza kama vijana wana swali, akanitazama mimi. Nikafungua mdomo kama kwenye kwaya. Mama Diana ndiye aliyeniokoa au aliyenimaliza, sijui. Akaniuliza:

"Wewe binti wa nani?"

"Wa Martini. Wa hapa Katubuka."

"Martini kaka yake Yunisi?"

Nikasema ndiyo. Akakiweka kikombe chake mezani. Akasema, "Yunisi alikuwa na sauti. Hajambo?" Nikasema hajambo, goti tu. Na kati ya watu wote wale wanaojua skrubu za kila kaseti, hakuna aliyeuliza Yunisi ni nani. Yeye akamalizia chai yake, na mimi nikabeba mkoba wangu nikarudi nyumbani.

Njia nzima nilikuwa namtukana moyoni, mwizi, mwongo, bibi arusi wa kuazima. Mpaka nilipofika getini ndipo nilipoona kwamba yeye ametamka jina lako mbele ya watu, na mimi, damu yako, sikulitamka. Tangu siku hiyo dharau yangu imekuwa kama shati ambalo halinitoshi, nalivua nalivaa.

Nimeamua hivi. Tarehe 29 nitasimama. Nitasema kwamba mimi ndiye Mtoto wa Ufuo, kwamba tarehe ya fulana ni ya giza, kwamba kanda tuliyoicheka ndiyo ya kwanza, na kwamba nusu yake nimeiharibu kwa mkono wangu. Hayo ni yangu, siombi ruhusa. Najua Gasper atanitoa kwenye kundi kabla sijakaa. Nimeanza kujizoeza kusema kwa kuwauliza walimu maswali darasani, na wamemwita mama kuuliza nimepatwa na nini.

Lakini jina lako sio langu. Umelifunga miaka thelathini na mitatu, huenda unapenda libaki limefungwa, huenda Baba Winfrida mwenyewe hajui. Ukiniandikia "sema", nitalisema kwa sauti. Ukiniandikia "kaa kimya", nitasema aliimba mwanamke mmoja ambaye hakupenda kutajwa, na watakaa na kiu yao. Kanda sijaitoa kopi. Harerimana alitaka kuniwekea kwenye flashi, nikakataa, maana kitu kikiingia kwenye flashi hapa mjini kinamfikia Gasper kabla ya magharibi. Iko yenyewe tu, na sasa iko kwako. Ukiitupa baharini hakuna wa kukuuliza, hata mimi.

Nisamehe, Shangazi. Sikufuta kwa bahati mbaya. Nilifuta kwa sababu niliona haifai, na niliona haifai baada ya dakika tano.

Baba anakusalimu, anasema simu yako ya Krismasi bado anaingoja. Mama anakusalimu, amenipa dagaa kilo mbili ambazo posta wamekataa, tutatafuta msafiri. Baba Winfrida mwambie shikamoo, dada Winfrida na mtoto wabusu kwa niaba yangu. Mungu wa babu na bibi akulindie magoti na pumzi, akupe siku nyingi za kukaa benchi la mbele.

Baba aliniambia mumeo bado ana redio ya kaseti ya kusikilizia kwaya zake, na kwamba kitufe chake chekundu kinafanya kazi. Selotepu sijaibandua. Kama utakuwa na hasira, au kama hutakuwa na hasira, weka upande B na urekodi juu yangu. Usinionee huruma, wimbo wa pili nimeanza chini mno na wa tatu nimeukimbiza. Ila kwanza isikilize na saa mkononi, maana mimi niliishiwa kabla ya kanda kuisha. Utasikia mlio mdogo, tak, ni kidole changu kinazima. Ukirekodi, ukifika dakika hiyo inua mkono wako, usiguse tena kitu. Kuna mstari mmoja na nusu umebaki, na huo tayari ni wewe.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kwa aibu nyingi,

Wema Martini